Mapumziko ya Chumba cha Simu

Vijana wa ofisini walimwita mwenzangu wa meza ya mbele Shangazi, mimi wakaniita Mjomba, na kwa hesabu hiyo yeye na mimi tukawa mashemeji bila posa wala harusi. Alilipokea hilo kama alivyopokea kila kitu, kwa tabasamu. "Shemeji," angesema asubuhi akivuta kiti chake, "leo wametukana wangapi?" Tulikaa tukitazamana, katikati yetu kizuizi cha mbao kilichotufika kifuani, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimfahamu zaidi kuanzia mabegani kwenda juu.

Kazi yetu ilikuwa kupokea simu za wateja wa maji. Mtu bomba lake limekauka tangu juzi, au bili imempandia kana kwamba anafuga viboko, anapiga namba yetu akiwa amekwisha panda mori. Sisi tunavaa hedifoni, tunatukanwa, tunasema asante. Hiyo ndiyo kazi. Mengine yote mnayoyasikia kuhusu huduma kwa mteja ni mapambo.

Na katika chumba kile neno "hapana" lilikuwa marufuku. Sitii chumvi. Simu zote zilirekodiwa, na ukinaswa umemwambia mteja hapana, unaitwa ofisini kusikilizishwa sauti yako mwenyewe mbele ya wakubwa, adhabu ambayo simwombei hata adui yangu. Badala ya hapana tulikuwa na "kwa sasa bado", tulikuwa na "ombi lako limepokelewa", tulikuwa na "tunalifanyia kazi", na juu ya yote tulikuwa na "nimekuelewa". Mtu akikwambia ukoo wako wote ni wezi, unamwambia umemwelewa.

Shangazi alikuwa bingwa wa mambo hayo. Siku moja mzee fulani alipiga akiapa kwamba anakuja kutuvunjia vioo, na kabla ya kukata simu mzee huyohuyo alikuwa anamwombea Shangazi dua, yeye na kizazi chake. Wageni wakija, walisimamishwa nyuma ya kiti chake wamsikilize. Sauti yake ilikuwa laini, ya chini, haina kona.

Tatizo ni kwamba sauti ile haikuwa na mahali pa kuivua. Hedifoni ilibaki mezani, sauti ikaenda naye nyumbani. Mimi hasira zangu za kutwa nazimalizia kwenye redio, nikisikiliza mpira nawapa marefa vidonge vyao mpaka mke wangu anafunga dirisha. Shangazi hakuwa na pa kumalizia. Mumewe anaendesha malori ya masafa marefu, na akirudi kazi yake ni kulala. Kijana wao mkubwa alishaoa akahamia mji mwingine. Nyumbani alibaki na kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mwembamba, mwenye magoti yanayogonga kila meza, wenyewe wakimwita Tambi.

Nilifika kwao siku moja kumpelekea mwavuli aliousahau. Tambi alirudi shuleni, akatupa mkoba katikati ya mlango, akaenda jikoni kwa kishindo, na tukasikia glasi imepasuka. Nilikaza mwili nikisubiri kelele. Mama yake akainuka taratibu akasema, "Pole sana, mwanangu. Nimeona glasi imevunjika. Tutalishughulikia." Mtoto mwingine angeshukuru bahati. Yule alimtazama mama yake kwa muda, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye taa na hakuna anayefungua, kisha akachukua ufagio akafagia vigae mwenyewe.

Likizo iliyofuata alipelekwa kwa mama yake mkubwa, dada yake Shangazi, mwanamke mwenye nyumba iliyojaa watoto wa kuzaa na wa kulea, na mdomo usiojua likizo. Alirudi na hadithi. Eti mama mkubwa alimkimbiza na kandambili kuzunguka nyumba kwa kuacha sabuni ndani ya maji. Eti waligombania bafu mpaka mlango ukatoka kwenye bawaba. Eti alinyang'anywa simu kwa kujibu jeuri. Aliyasimulia yote hayo macho yanamng'aa, na mwisho akasema anataka kuhamia kule moja kwa moja, nafasi ya shule imeshapatikana.

"Ukamjibuje?" nilimuuliza Shangazi. Tulikuwa kwenye chai, kwenye kile chumba kidogo chenye birika na viti visivyofanana.

Alitazama ndani ya kikombe. "Nilimwambia nimemwelewa."

"Shemeji!"

"Nikamwambia ombi lake nimelipokea, nitalifanyia kazi. Akaingia chumbani, akajifungia. Baadaye nikamsikia analia. Sasa niambie wewe mwenye akili, nilikosea wapi? Mtoto amepewa anachotaka, analia nini?"

"Kwani wewe unataka aende?"

"Sitaki." Lilimtoka haraka, mpaka akashtuka mwenyewe. "Sitaki hata kidogo. Akiondoka yule nitabaki naongea na friji."

"Basi si umwambie hivyo?"

"Najaribu. Nikifungua mdomo linatoka lile la ofisini." Akaweka kikombe chini. "Dada ameshapanga kila kitu. Mwisho wa mwezi, Jumatatu, anakuja kumchukua. Na dada yangu akishapanga, unamjua."

Simjui, lakini nilimwelewa. Nilimwelewa kweli, si kwa maana ya ofisini.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa zamu ya mchana alivua hedifoni katikati ya simu, akaiweka kwenye droo taratibu kama anayelaza mtoto, akatoka nje, na hakurudi tena. Hakuwa wa kwanza mwaka ule. Meneja wetu, ambaye alikuwa mgeni kwenye cheo na mtu mwema, nisimsingizie, alikosa usingizi. Akatuita akasema anataka kujenga utamaduni mpya wa kazi. Twende mahali patulivu kwa siku tatu, tupumzike, tujenge afya ya mwili na ya akili, na zaidi ya yote tuongee. Tuongee! Watu ambao tunaongea tangu asubuhi mpaka ulimi unakuwa gamba, dawa yetu ikawa maongezi. Lakini wote tulitikisa kichwa tukasema ni wazo zuri sana.

Shangazi akapewa kuongoza maandalizi. Meneja akaongeza kwamba kila mmoja anaweza kwenda na ndugu mmoja, na hapo nilimwona Shangazi anainua uso. Siku tatu hizo zilikuwa zinaishia Jumapili, mkesha wa ile Jumatatu yake.

Kikao cha kamati nakikumbuka vizuri kwa sababu ndicho kikao chepesi kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria. Hakuna aliyempinga mwenzake. Tulikuwa Shangazi, mimi, mtunza stoo, dereva wa basi la kampuni, na binti mmoja wa simu aliyeitwa Asali kwa sababu ya sauti. Asali akasema labda tupande kilima alfajiri, maana amesikia ni kizuri kwa akili. Wazo zuri sana. Mtunza stoo akasema labda tule mboga na matunda tu, nyama tuipe likizo. Tumekuelewa, wazo zuri sana. Dereva akataja kuvuta kamba. Mmoja wetu, sikumbuki nani, nadhani alikuwa anatania, akasema kuna mafunzo ya kucheka, watu wanasimama wanacheka bila sababu kwa nusu saa. Likaingia kwenye ratiba. Tena mtu akauliza, kwa adabu, kama kilima kingepandwa siku moja au zote tatu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumvunja moyo Asali, tukakipanda siku zote tatu.

Shangazi alichangia jambo moja. Alisema tuwe na duara la shukrani, kila mmoja asimame amwambie nduguye aliyemleta jambo lililo moyoni. Alisema hivyo bila kunitazama, nikajua ratiba yote ile, na kilima chake na kicheko chake, kwake ilikuwa ni njia ya kufika kwenye duara lile. Nyumbani alishindwa. Alitumaini kwamba mbele ya watu, akishapangiwa zamu, maneno yatatoka.

Baada ya kikao wakaanza kunijia mezani mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuungama. Asali alikuwa anaogopa miinuko, alipendekeza kilima kwa kudhani Meneja anakipenda. Mtunza stoo asipokula nyama siku moja anapata maumivu ya kichwa. Ni mkewe ndiye aliyeambiwa na daktari apunguze. Dereva ana mgongo. Meneja mwenyewe akapita, akaegemea kizuizi changu, akanong'ona kwamba ana goti bovu tangu ujana, lakini maadamu wafanyakazi wamekitaka kilima, yeye ni nani?

"Kwa nini hamsemi?" niliwauliza wote.

"Tutawavunja moyo wenzetu," wakajibu wote.

Ukiwazoesha watu kwa miaka kutomkatalia yeyote, ndivyo wanavyopanga mapumziko. Wanapanga kitu ambacho hakuna anayekitaka, kwa kauli moja, na shukrani juu.

Shangazi alifanya mazoezi kwenye chai. Mimi nilikuwa Tambi. Nilikaa kwenye kiti kifupi nikakunja uso kama kijana, yeye akasimama mbele yangu, akashusha pumzi.

"Mwanangu," akaanza, "ningependa kuchukua nafasi hii kukujulisha kwamba..."

"Huyo ni mteja," nikamkata.

"Mwanangu. Kuhusu ombi lako la kuhama..."

"Mteja bado."

Alijaribu mpaka chai ikapoa. Mwisho akaketi, akajifuta pua kwa kiganja. "Shemeji, inawezekana sina nyingine," akasema. "Inawezekana sauti yangu niliyozaliwa nayo imekufa, imebaki hii." Roho iliniuma, nasema kweli, na nikarudi kwenye simu kumsikiliza mtu aliyetaka kujua kwa nini maji yake yana rangi ya chai.

Nyumba ya mapumziko ilikuwa safi, imepakwa rangi nyeupe, vyumba vimejipanga kwenye veranda ndefu, nyuma yake kilima chenyewe kimekaa kinatusubiri. Tambi alikuja. Alikaa siti ya dirishani njia nzima na vipokea sauti masikioni, na mama yake kila baada ya muda anamuuliza kama yuko vizuri, kama anahitaji chochote, na yeye anatikisa kichwa bila kugeuka.

Tulipokelewa na mwezeshaji tuliyekodi, kijana mchangamfu mwenye filimbi shingoni, asiyeweza kusema sentensi bila kuipuliza. Tukamwita Filimbi. Alfajiri ya kwanza alituamsha wote, tukapanda. Kufika katikati Meneja akasimama, ameshika goti, uso umekuwa wa majivu.

"Mnaonaje, tupumzike?" akauliza.

"Tunafuata unavyoona, mkuu," tukajibu.

"Mimi nafuata mnavyoona ninyi."

Tukasimama palepale, jua linapanda, kila mmoja anamngojea mwenzake, mpaka Filimbi akapuliza tukaendelea kwenda juu. Asali alipanda macho ameyafumba, ameshika mkanda wangu. Mezani tulikuta majani mabichi. "Mazuri sana," tulisema, tukitafuna. Mtunza stoo alikuwa na kitambaa kichwani.

Siku ya pili jioni, baada ya kilima cha pili na nusu saa ya kucheka ambayo sitaki kuikumbuka, likaja duara. Viti vilipangwa kwenye nyasi. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kushukuru wake zao, kaka zao, mama zao, kwa sauti zilezile tunazozisikia kutwa, na baada ya kila mmoja tunapiga makofi. Tambi alikaa kando ya mama yake, miguu yake mirefu imejikunja chini ya kiti.

Shangazi alisimama. Nilimwona vidole vinachezea pindo la blauzi. Alipiga moyo konde, akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu," akasema, laini, chini, bila kona, "napenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa kuwa pamoja nasi. Kuhusu... kuhusu lile ombi lako..." Akakwama. Tulimngoja. "Nathamini sana mchango wako nyumbani," akamalizia, na nikafumba macho.

Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi, ndivyo tulivyofunzwa.

Tambi akainuka. Alikuwa amekwisha mpita mama yake kwa kimo. Akaunganisha mikono mbele kama sisi tunavyofanya tukipigwa picha za ofisi, akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, na ikatoka kwenye koo lake sauti ya mama yake, ileile, pumzi kwa pumzi.

"Asante sana kwa maoni yako, mama. Tumeyapokea. Ningependa kukujulisha kwamba Jumatatu nahamia kwa mama mkubwa, kama ulivyoridhia. Pole kwa usumbufu wowote." Midomo ilikuwa inamtetemeka. "Je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mchezo. Wengine walishaanza makofi. Binti akageuka kwenda zake vyumbani.

"Lipo," Shangazi akasema.

Tambi akasimama.

"Kuna jambo jingine. Hapana!" Sijui ilitoka wapi sauti ile. Ilikuwa nene, imejaa mchanga, na ilikuwa kubwa kiasi kwamba ndege waliruka kwenye ua. "Hapana! Huendi! Nani amekwambia nimeridhia? Nani? Niambie ni siku gani nimeridhia!"

"Ulisema umenielewa!" binti naye akapaza.

"Kukuelewa ndiyo kukuruhusu? Nakuelewa, na huendi! Nimekubeba mgongoni na homa zako, umenitapikia nguo zangu zote za kazi, nimekufundisha kufunga kamba za viatu mpaka nikataka kulia, leo nikugawe kama gauni lililonibana? Hapana!"

"Mbona hukusema tangu siku ile?"

"Nasema sasa!"

"Mbele ya watu!"

"Mbele ya watu, ndiyo! Na kama hawatoshi nenda kawaite na wale wa jikoni! Huendi! Na soksi zako chini ya kochi nimechoka nazo! Na ule mkoba ukiutupa mlangoni tena, nautupa barabarani! Na huyo mama yako mkubwa ana watoto wake, anataka wangu wa nini?"

Filimbi alisogea na mikono hewani, akaipeleka filimbi mdomoni. Meneja, kwa goti lake bovu, alimfikia kabla yangu. "Kijana," alimwambia, "kaa chini."

"Nakuchukia!" Tambi alipiga kelele, analia waziwazi.

"Nichukie ukiwa nyumbani kwangu!"

Binti akakimbia, mlango wa chumba ukabamizwa mpaka dirisha likatikisika. Shangazi alibaki amesimama katikati ya duara, kifua kinapanda na kushuka. Kisha akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Nilihamisha kiti changu kando yake.

"Nimeharibu?" akaninong'oneza. Koo lilikuwa limekauka, sauti inatoka vipande vipande. "Shemeji, nimemwaibisha mtoto. Nimeharibu kila kitu, sivyo?"

Ningeweza kumwambia la kumfariji. Nina maneno ya kufariji ya kila aina, nalipwa kwa ajili hiyo. "Sijui," nikamwambia.

Kisha Meneja akakohoa. "Mimi," akasema akitazama viatu vyake, "kesho kilima sipandi. Hapana." Alilitamka kama mtu anayeonja chakula cha moto. Asali akaangua kilio cha furaha. Mtunza stoo akauliza, bila kumtazama yeyote, kama pale jirani kunaweza kupatikana kuku, na katika historia ya kampuni yetu sijaona watu walioondoka kwa kasi ile kwenda kutafuta kitu. Wale waliobaki wakaanza kubishana kwa sauti kubwa ni nani hasa aliyeleta wazo la kucheka nusu saa. Walibishana mpaka giza likaingia, wananyoosheana vidole, na nyuso zao zilikuwa na uhai ambao sikuwa nimeuona kwa miaka. Shangazi hakuwa pamoja nao. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya veranda, nje ya mlango wa chumba kilichofungwa, na sahani ya kuku magotini, akisubiri ufunguliwe. Ulifunguliwa kiasi cha sahani kupita, kisha ukafungwa.

Asubuhi hakuna aliyepanda popote. Kwenye basi la kurudi Tambi alipita siti ya mama yake akaja kuketi na mimi, siti moja nyuma ya mama yake. Macho yalikuwa mekundu. Alikunja mikono, akatazama nje. Mbele yetu niliiona shingo ya Shangazi, imekakamaa, haigeuki. Sauti yake ilikuwa imekwenda kabisa, ya simu na ile nyingine zote mbili. Alikuwa amejaribu kumsalimia binti yake asubuhi ukatoka mkwaruzo, na binti hakuitikia.

"Umekasirika?" nilimuuliza Tambi baada ya mwendo kidogo.

"Sana."

"Hata mimi ningekasirika."

"Amenitaja soksi mbele ya bosi wake," akasema. "Mjomba, soksi!"

Tulikwenda. Mashamba yakaisha, nyumba zikaanza, na simu ya Shangazi ikalia. Aliitazama ikilia, akaiacha, ikalia tena. Kisha mkono wake ukaja nyuma juu ya siti, umeishika simu, bila yeye kugeuza uso.

"Mama yako mkubwa," akakwaruza. "Mimi sina sauti. Mjibu wewe."

Nilielewa alichokifanya, na nadhani hata binti alielewa, maana hakuipokea mara moja. Angeweza kumwambia yule dada njoo Jumatatu, begi liko tayari, na mama yake asingekuwa na sauti ya kumkatiza. Shangazi alikuwa ameushika mkono wa siti kwa nguvu zake zote.

Tambi akaiweka simu sikioni. "Shikamoo, mama mkubwa." Akasikiliza. Upande wa pili maneno yalikuwa yanamiminika, niliyasikia kama redio ya jirani. "Mama mkubwa, ngoja. Ngoja nikwambie. Jumatatu usije." Akasikiliza tena. "Kwa sababu mama amekataa."

Upande wa pili maneno yakaja maradufu.

"Hapana, hakusema atalifanyia kazi. Amekataa kabisa. Amenigombeza mbele ya watu wote, mpaka wapishi walitoka kuangalia. Sauti yake imekauka, hawezi hata kuongea na wewe." Alijinyoosha kwenye siti, magoti yakagonga siti ya mbele, na mama yake hakusema pole. "Sijui, labda wakati wa likizo, mpaka nimuulize kwanza. Ana hasira sana, mama mkubwa, hujawahi kumwona."

Ndani ya basi mazungumzo yalikuwa yamekoma. Dada mtu aliendelea kusema, akiuliza, nadhani, kama kweli ni mdogo wake yule anayemjua yeye ndiye aliyekataa, na Tambi akashika simu kwa mikono miwili.

"Nimesema mama amekataa!" akapaza sauti. "Amekataa!"

Kisha akainua kichwa akaangalia mbele na nyuma ya basi, kuhakikisha kila mtu amesikia.